Kivukoni, pale basi lilipolazimika kusimama

Kwa miaka mingi, dereva wa basi la Mahenge hata angekuwa na haraka ya namna gani, Kivukoni alizima injini. Mto Kilombero haukuwa na daraja. Gari lolote lililotoka Ifakara kwenda Lupiro, Malinyi au Mahenge lilifika ukingoni likapanga foleni, abiria wakashuka, wakanyoosha miguu, wakaanza kukodolea macho ng'ambo. Pantoni ikiwa upande wa pili, mlisubiri. Ikiwa mbovu, mlisubiri zaidi. Masika, mto ukishafura, wapo waliolala pale pale na mizigo yao.

Kwa msafiri hiyo ilikuwa adha tupu. Kwa watoto wa Kivukoni ndiyo ilikuwa saa yao. Mtoto wa kijiji kingine cha barabarani huliona basi kwa muda wa kupunga mkono tu, kisha anabaki na vumbi. Wa Kivukoni alipewa basi zima, limesimama, milango wazi. Alilizunguka. Alisoma maandishi ya ubavuni na ya kioo cha nyuma, akahesabu tairi, akachungulia siti zilizochanika vitambaa, akamwona dereva akishuka kunawa uso kwa maji ya kwenye dumu. Honi za mabasi alizijua, hii ya nani na ile ya nani, kabla gari lenyewe halijatokeza. Na kama nyumbani kwao waliuza samaki wa kukaanga au ndizi, alijua mpaka konda yupi hulipa na yupi hukopa.

Kitu kimoja tu hakukijua: kukaa kwenye siti yake mwenyewe.

Maana mtoto wa kijijini husafiri amepakatwa. Mama mwenye watoto wawili hakati tiketi tatu. Anakata moja, mdogo anambeba mgongoni mpaka ndani, mkubwa anampakata, na akishakuwa mzito anasimamishwa katikati ya magoti, baina ya kiroba cha mchele na kuku aliyefungwa miguu. Konda akipita anauliza, "Mama, huyu naye mbona hujamlipia?" Mama anajibu kwamba ni wa chekechea, ilhali mtoto yuko darasa la tatu na hapo alipo amejikunyata ili aonekane mdogo. Safari nzima anatazama mgongo wa siti ya mbele. Dirisha ni la waliolipa.

Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi wa Kivukoni anapoomba aende Ifakara peke yake, tusidhani ana kiu ya mji. Ifakara ameshafika. Amepelekwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko akiwa na homa, amepitishwa sokoni akiwa ameshika upindo wa kanga, amenunuliwa ndala na sare ya shule. Anachokitaka ni siti. Anataka atoe nauli kwa mkono wake, apewe tiketi, akae dirishani, na konda akipita amwulize yeye anashukia wapi, asimtafute mama yake kwa macho. Ni ombi dogo kiasi kwamba watu wazima hulicheka. Mimi naliona kubwa, kwa sababu ni ombi la kuhesabiwa mtu.

Sasa angalia jambo hili. Mtoto huyu asiyeaminiwa kwa safari ya basi ya nusu saa, nyumbani ameaminiwa mengine makubwa kuliko hilo. Bonde la Kilombero ni bonde la mpunga. Msimu wa kilimo familia nyingi huhamia mashambani, huko mbugani, zikaishi kwenye vibanda na madungu kwa wiki, hata miezi, na nyumba ya kijijini wakaachiwa watoto wanaosoma. Wa miaka kumi na miwili anapika, anawaogesha wadogo zake, anawaamsha waende shule. Mpunga ukishatoa masuke, kuamia ndege ni kazi ya watoto. Mtoto anapanda juu ya dungu kabla jua halijachomoza, na hapo anashinda kutwa akipiga kelele, akigonga debe, akivurumisha kombeo, maana kwelea kwelea wakiachiwa asubuhi moja tu jaruba lote limekwisha. Na ziko njia za mashambani zisizopitika ila kwa mtumbwi. Mto wenyewe una mamba na viboko, nao ndio unaoipa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Mtoto anapiga kasia humo akipeleka unga na chumvi kwa wazazi. Akirudi akisema, "Baba, nataka kwenda Ifakara na basi," anaambiwa wewe bado mdogo.

Huu si unafiki wa wazazi. Baba wa Kivukoni anamjua mamba. Anajua anapojilaza, anajua saa zake, na mtoto amefundishwa tangu hajajua kuhesabu ni wapi pa kuchota maji na wapi pa kukaa mbali. Mtu wa stendi hamjui. Hajui ametoka wapi, anataka nini, wala anaanzaje kumzungusha mtoto kwa maneno matamu. Kisha kuna suala la fedha, ambalo halina mafumbo: shambani mtoto anakwenda bure, lakini basi linataka pesa mkononi, na pesa mkononi huja baada ya mavuno.

Enzi za pantoni mzazi alikuwa na sababu nyingine, tena nzito. Mtoto aliyepandia Lupiro au Minepa hakuwa na safari moja ya kwenda Ifakara, alikuwa nazo tatu. Basi likifika ukingoni konda aliwashusha wote. Dereva akaliteremsha taratibu hadi kwenye vyuma, abiria wakafuata kwa miguu na kujibanza pembeni, huku malori ya mchele yakinguruma karibu na masikio yao. Ng'ambo, kila mtu akapanda ukingo kulitafuta gari lake. Mtu mzima alisoma namba akaingia. Mtoto wa mara ya kwanza amezungukwa na miguu ya watu wazima, haoni kitu, na mbele yake mabasi mawili ya rangi moja yamevuka kwa kufuatana, yote yanaunguruma, makonda wote wanapiga mabati wakihimiza watu. Hapo ndipo mama alipokuwa anapawaza usiku mzima kabla ya safari. Nadhani mto ndio ulioamua umri wa mtoto kusafiri peke yake katika upande ule wa Ulanga, na uliuweka juu.

Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Mwishoni mwa Januari 2016 pantoni ya MV Kilombero II ilizama usiku, kwa upepo mkali na mvua, ikiwa na abiria na magari. Wakati huo daraja lilikuwa tayari linajengwa. Mei 2018 Rais John Magufuli alilifungua, likapewa jina lake: Daraja la Magufuli, mita 384. Safari ya kuvuka iliyokuwa ikila nusu ya siku sasa haifiki dakika moja hata dereva akienda mwendo wa pole.

Sitamwelewa mtu atakayeililia pantoni. Wajawazito walicheleweshwa pale, wagonjwa walicheleweshwa pale. Lakini foleni ilipokufa, biashara ya foleni ilikufa nayo, na watoto wa Kivukoni wakapoteza basi lao lililosimama. Sasa wanaliona kama watoto wote wa barabarani wanavyoliona: honi, vumbi, limekwenda.

Ungetegemea daraja liwafungulie njia. Safari imenyooka, hakuna kushuka, hakuna kutafuta gari ng'ambo. Mtoto anapanda hapa anashuka stendi. Kilichotokea ni kwamba bodaboda imewahi. Kwa mwendo mfupi namna hiyo mzazi anamwita kijana wa jirani, anayejulikana kwao na kwa babu yake, anampakiza mtoto nyuma, na mambo yamekwisha. Mtoto amefika Ifakara, ni kweli, ila amefika amebebwa. Ametoka mapajani mwa mama akahamia mgongoni mwa bodaboda. Siti bado hajaipata.

Waliosoma sekondari miaka ya 1970 na 1980 watayashangaa haya. Sekondari za serikali zilikuwa chache, na mtoto aliyefaulu kutoka Ulanga aliweza kupangiwa Tabora, Tanga au Songea. Serikali haikumuuliza mama kama mtoto yuko tayari. Ilimpa waranti ya safari, karatasi iliyomruhusu kupanda treni au basi kwa gharama ya serikali, na mtoto wa miaka kumi na minne akaondoka na sanduku lake la bati, blanketi na sahani. Wengine walipanda mabasi ya KAMATA, kampuni ya mabasi ya taifa. Wengine walipanda TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi 1976, inayokata bonde lote hili kupitia Mlimba, Ifakara, Mang'ula na Kidatu. Treni fupi iliyotoa huduma kati ya stesheni za huku wakazi waliiita Kipisi, na ilikuwa treni ya akina mama wa ndizi na mpunga hasa. Mtoto aliyepanda Kipisi hakuwa mgeni wa mtu. Nusu ya behewa ilikuwa majirani.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni Kwiro, sekondari ya wavulana kule Mahenge. Vijana wa mikoa mingine waliopangiwa huko walipitia Kivukoni. Kwa hiyo watoto waliokuwa wakiuza ndizi ukingoni waliwaona kwa macho yao: mvulana si mkubwa sana kuwazidi, ametoka mbali, amekalia sanduku lake juu ya pantoni, hana mama wala baba, na hana wasiwasi. Au wasiwasi anao, ila haonyeshi.

Kisha zikaja shule za kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza 2004, na katika miaka michache iliyofuata sekondari zilijengwa katika kata nyingi nchini. Mwaka 2016 ada nayo ikaondolewa hadi kidato cha nne. Leo binti wa Ulanga anasoma sekondari kwa kwenda na kurudi kwa miguu au baiskeli. Ni jambo jema, na kwa wasichana hasa ni jema mno. Ila safari ya peke yake imesogezwa mbele. Wengi sasa wanaikuta kidato cha tano, wakiwa na miaka kumi na saba au kumi na minane, na inawajia yote kwa mpigo: tranka, godoro, ndoo, rimu ya karatasi, fagio la chelewa, na safari ya kutwa nzima kwenda mkoa wasioujua, bila hata kuwahi kujaribu ya Ifakara.

Yupo mtoto mwingine anayepanda basi peke yake mapema, na huyo hakuomba. Ni binti aliyemaliza darasa la saba, pengine hakumaliza. Simu imepigwa kutoka Dar es Salaam: anatafutwa dada wa kazi. Nauli imetumwa kwa simu, nguo zimetiwa kwenye mfuko wa plastiki, namba ya anayempokea imeandikwa kwenye karatasi ya daftari. Siku hiyo anapewa siti, tena ya dirishani. Anavuka Daraja la Magufuli, anapita Kidatu na miwa yake, anapita Mikumi, na anashushwa Mbezi Luis katika kituo cha mabasi kinachoitwa pia Magufuli, kilichofunguliwa 2021. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ipo tangu 2008, Sheria ya Mtoto tangu 2009, na mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Lakini waweke wawili mlangoni mwa basi saa kumi na moja alfajiri: huyu anayekwenda kwa shangazi likizo, na huyu anayekwenda kufua nguo za watu asiowajua. Wote wana mfuko, wote wana karatasi yenye namba, wote wana usingizi. Konda atawatofautishaje?

Kwa hiyo sisemi watoto waachiwe barabara. Nasema hofu yetu tumeiweka mahali pasipo pake. Tunamnyima mtoto safari fupi anayoiomba, kisha tunamtupa kwenye ndefu asiyoijua.

Wenzetu wa mbali wamepita njia hiyo na sasa wanatafuta pa kurudia. Uingereza, watafiti wakiongozwa na Mayer Hillman walikuta kwamba mwaka 1971 watoto 80 kati ya kila 100 wa miaka saba na minane walikwenda shule bila mtu mzima. Mwaka 1990 walikuwa 9. Magari ndiyo yaliyowaingiza ndani, kisha woga wa watu ukafunga mlango. Mwaka 2008 mama mmoja wa New York, mwandishi Lenore Skenazy, alimruhusu mwanawe wa miaka tisa arudi nyumbani peke yake kwa treni ya chini ya ardhi na basi. Mtoto alifika salama, amefurahi. Mama alipoandika habari hiyo gazetini alishambuliwa nchi nzima, akaitwa mama mbaya kuliko wote Marekani. Kwetu, mtoto wa miaka saba bado anakwenda shule na wenzake kwa miguu na hakuna anayemtangaza mzazi wake.

Tena sisi tuna kitu ambacho New York hawana, nacho ni kumkabidhi mtoto kwa konda. Mzazi hamwachi mtoto barabarani akaondoka. Jana yake ameshamtafuta konda anayemjua, au anayejuana na mtu anayemjua. "Kesho nina mwanangu, anashukia Ifakara, atapokewa na shangazi yake." Asubuhi maagizo yanatolewa mbele ya konda, kwa sauti, ili na yeye ayasikie: "Usishuke mpaka uambiwe. Usipokee kitu cha mtu. Ukifika kaa hapo hapo kwenye siti mpaka umwone shangazi." Nauli iko mkononi, lakini akiba imefungwa kwenye fundo la kitambaa na kuchomekwa ndani ya soksi. Namba ya simu imeandikwa mara mbili, moja mfukoni na moja kwenye jalada la daftari. Chini ya siti kuna zawadi ya shangazi, samaki wa kubanika ndani ya gazeti na mfuko, na harufu yake inaanza kumtangaza mtoto kabla basi halijafika darajani. Konda analalamika kuhusu samaki. Hajawahi kumshusha mtu kwa ajili hiyo.

Anakalishwa nyuma ya dereva, au kwenye injini kama basi ni la zamani. Kutoka hapo hayuko peke yake kama anavyodhani. Mama wa siti ya pili ameshamuuliza ni wa nani, na ukoo ukishatajwa amegeuka mjukuu wake. Kwenye safari ndefu, gari likisimama watu wachimbe dawa, konda ndiye anayesema, "Dada, mshike mkono huyu binti." Wakifika stendi, ndiye anayewafukuza wapiga debe wasimburure. Kazi yote hiyo hailipwi, na konda huyu ndiye tunayemsimanga kila siku kwa kuchelewesha chenji.

Kasoro yake ni kwamba kila kitu kimo kichwani mwake. Konda akibadilishwa njiani, au akipata udhuru, habari za mtoto zinakwenda naye. Hilo linatibika. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ndiyo inayosimamia tiketi na leseni za mabasi, na tiketi sasa zinatolewa kwa mashine. Mtoto anayesafiri bila mkubwa aandikiwe kwenye tiketi jina na simu ya anayemkabidhi na ya anayempokea, na nakala ibaki ofisini kwa wenye basi. Mpokeaji aonyeshe kitambulisho kabla mtoto hajashuka. Kwa mtoto wa likizo itakuwa kinga. Kwa yule binti wa mfuko wa plastiki itakuwa mara ya kwanza mtu kuuliza, kwa maandishi, anakwenda kwa nani.

Na kwa mzazi wa Kivukoni, Minepa au Lupiro: msimu huu mavuno yakiingia, barabara ikiwa kavu, mwache akate tiketi moja ya Ifakara. Siti ya dirishani. Mpe nauli ailipe mwenyewe, na kwenye ile karatasi ya mfukoni, chini ya namba ya shangazi, ongeza namba 116, simu ya huduma kwa mtoto. Inapigwa bure.